Mbayuwayu Aliyedhaniwa Mzaha

Ntambwe alikuwa na haki ya kumwibia Wivine, na Wivine hakuwa na haki ya kukasirika. Hilo liwekwe wazi mapema, maana mgeni akiona mtu mzima anaingia uani kwa mwenzake, anakwapua kuku na kuondoka naye huku akipiga mluzi, hudhani hilo ni jambo la polisi. Wivine alikuwa wa ukoo wa Ndege, Ntambwe wa ukoo wa Mtama. Ndege wamekula mtama tangu dunia iwe dunia, kwa hiyo koo hizi mbili ni watani. Wanatukanana wapendavyo, wanaibiana vitu vidogo vidogo, wanachezeana hata matangani, na atakayenuna ndiye mkosaji. Huyo atatoa kuku wa faini, na aibu yake itasimuliwa mpaka Kasaji.

Sasa mwanamke wa ukoo wa Ndege akapata kazi ya kukamata ndege! Ntambwe, mwenye kibanda cha kuchaji simu pale kando ya ziwa Nzilo, aliposikia habari hiyo alifunga kibanda siku nzima ili acheke kwa nafasi.

"Mama Ndege anakamata bandugu yake!" alitangaza barabarani. "Tena anabavalisha pete! Ndoa ni lini, batu tukuye kukula?"

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila mwaka mvua zinapoanza, mbayuwayu hushuka kutoka kaskazini ya mbali, kwenye pwani za bahari ya baridi, wakaja kulala kwa maelfu katika matete ya ufuko wa kaskazini wa ziwa. Pale watu huwaita tumimbi. Mvua zikikaribia kwisha, wanakula kwa pupa, wananenepa, wanajiandaa kurudi kwao. Ofisi moja ya mambo ya ndege kutoka Lubumbashi ilikuwa imeleta nyavu nyembamba ambazo hata ukisimama karibu huzioni. Alfajiri nyavu hizo husimamishwa kwenye matete. Kila ndege anayenaswa hutiwa katika kifuko cha kitambaa, na kifuko hutundikwa kwenye kamba. Kisha mezani hutolewa mmoja mmoja, akavishwa mguuni pete nyepesi yenye namba, akapimwa bawa, akapulizwa tumboni ili manyoya yafunguke na mafuta yaonekane, halafu akaachwa aende zake. Siku akinaswa kwingine duniani, atakayesoma namba ile atajua ndege huyu alipita wapi.

Wivine alikuwa ametimiza miaka hamsini na ushei. Zamani alibeba magunia ya mawe ya wachimbaji kule Mutoshi, baadaye akawauzia maandazi. Kila kitu alichokishika maishani kilikuwa kizito: magunia, bidoni za maji, na mume aliyependa kurudishwa nyumbani akiwa amebebwa. Siku alipowekewa mbayuwayu wa kwanza kiganjani, alidhani hajawekewa kitu. Kisha akausikia moyo wa ndege ukipiga kwenye vidole vyake, na machozi yakamtoka mbele za watu bila haya. Tangu siku hiyo aliipenda meza ile kuliko kiti cha mbele kanisani.

Na meza ile ilikuwa karibu kuondoka. Ofisi ilikuwa na nyavu za kituo kimoja tu, na kulikuwa na wakubwa waliotaka zihamishiwe Kasaji. Hoja yao ilikuwa fupi: kituo cha Nzilo hakijawahi kunasa hata ndege mmoja mwenye pete ya ng'ambo, basi kina faida gani? Wakamtuma mtu wao, François, aje ashuhudie asubuhi ya mwisho ya msimu, kisha aamue.

François alikuwa mtu mrefu, mkavu, aliyevaa suruali juu kabisa ya kitovu, na alitembea akiinua magoti kana kwamba nchi nzima ilikuwa na matope. Hakuwa mtu mbaya. Ila hakuwa mtu wa kucheka. Kila alichokiona alisema "Notez", yaani kiandikwe, na Farida, aliyeshika daftari la kituo, akaandika. Farida alikuwa mke wa mchukuzi wa mizigo, mtu wa familia ya Kiislamu iliyotoka mashariki mwa nchi miaka mingi iliyopita. Utani wa Ndege na Mtama haukumhusu hata kidogo, lakini aliufuatilia kwa utamu wote wa mtazamaji.

Asubuhi hiyo manyunyu yalikuwa yanaanguka. Watu walitoa ndege nyavuni gizagiza, haraka haraka, wakawatia vifukoni bila kuangalia miguu, maana miguu ni kazi ya mezani. Ntambwe alijitolea kubeba vifuko na kuvitundika kwenye kamba. Wivine angepaswa kushtuka hapo hapo. Tangu lini Mtama akamsaidia Ndege? Lakini akili yake yote ilikuwa kwa François.

Mambo yakaenda vizuri. François akaketi, akakunja mikono ya shati, akachukua kifuko cha kwanza, akaingiza mkono, akatoa kifaranga.

Kifaranga cha kuku. Cha manjano. Mguuni kilivaa pete iliyokatwa kwenye kopo la bia.

Kikalia pii.

Wivine alitamani ardhi impasukie. Nyuma ya matete ilisikika pumzi ya mtu anayejiziba mdomo kwa kofia. François alikigeuza kifaranga, akakinyoosha bawa juu ya rula, akakipuliza tumboni.

"Bawa, santimeta ine," alisema. "Mafuta, hakuna. Notez."

Farida akaandika huku mabega yakimtetemeka. François akakiweka kifaranga chini, akafuta mikono.

"Mama Wivine, mi sikuye hapa kwa michezo. Kitu ingine moya ya namna hii, nyavu zinapanda gari leo leo. Unasikia?"

"Nasikia, Tata François."

"Bien. Naenda kuhesabu ndege ya kule mbele. Wewe endelea." Akachukua darubini yake, akaondoka kando ya maji, goti juu, goti chini.

Wivine akamgeukia mtani wake. Akacheka, maana hakuwa na njia nyingine, lakini alicheka akiwa ameuma meno.

"We Mutama, unataka kuniua?"

"Mi nilisaidia tu," akasema Ntambwe, akitoka kwenye matete na simu yake mkononi. Ilikuwa simu nzuri, yenye jicho kali, fahari ya kibanda chake. "Ndege yako ilikuwa kidogo. Nikaongeza. Lakini we mama unaogopa ule mutu, eh! Unasimama mbele yake sawa mutoto ya masomo."

"Mi naogopa nani?"

"Ule François. Magoti inakutetemeka. Nitaonyesha batu bote video yako."

Hapo ndipo Wivine alipokosea, na kosa lilikuwa tamu. Aliangalia François alivyokuwa mbali, mgongo tu ukionekana. Akapandisha kitenge chake mpaka kwapani. Akainua goti. Akatembea kuizunguka meza, shingo mbele, kidole hewani, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya François mwenyewe, kavu vile vile.

"Notez! Matope, moya. Hewa, nyingi. Notez! Mama Wivine, science haichekake. Mi François nimehesabu ndege yote ya dunia, na hata moya haiyanisalimiaka."

Farida aliinamia meza akilia kwa kicheko. Ntambwe aliinua simu, akachukua yote. Wivine, akiwa bado François, alinyoosha mkono kwenye kamba bila kutazama, akafungua kifuko, akatoa mbayuwayu.

Mbayuwayu alikuwa na pete.

Si zile za kwao, zilizokuwa mpya, zinazometa. Hii ilikuwa imechakaa, rangi yake imefifia, na herufi zake zilitaja mji ambao Wivine hakuwahi kuusikia. Akainua macho. Ntambwe alikuwa amesogea karibu, simu mbele, uso wake umevimba kwa kicheko alichokizuia, kama mtu anayesubiri jambo.

Aha, Wivine akajiambia. Hiki ndicho alichokuwa anakisubiri. Mara ya kwanza kopo la bia, mara ya pili amekwenda kwa fundi wa kuchonga mihuri! Anataka nimkimbilie François nikipiga vigelegele, pete ya ng'ambo, pete ya ng'ambo, halafu aonekane ni uhuni, na nyavu zipande gari. Hapana, Mtama. Leo hunipati.

"Filma muzuri!" akamwambia Ntambwe, kwa sauti ya François. Akamsukuma ndege karibu kabisa na jicho la simu, akamzungusha huku na huku kama mwuza bangili sokoni. "Tazama pete! Ametoka mbali! Ametoka Bulaya, kwa bazungu! Notez, ndege ya bongo, ya uwongo, mutu yake ni Ntambwe!" Kisha akafungua kiganja.

Mbayuwayu akaruka. Alipita juu ya matete, akachanganyika na wenzake waliokuwa wanawinda wadudu juu ya maji, na hakuna jicho lingeweza kumtofautisha tena.

Wivine akaweka mikono kiunoni, akisubiri kuona Ntambwe akishindwa. Lakini Ntambwe alibaki na simu yake hewani, na sura yake haikuwa ya aliyeshindwa.

"Umefungula mufuko gani?" akauliza.

"Huu."

"Mi yangu ni ule ingine. Ule wa pembeni."

Farida ndiye aliyesimama, akaenda kwenye kifuko cha pembeni, akakishika. Kilikuwa kizito. Akakifungua juu ya meza, na akatoka chura mnene, mwenye hasira, aliyevishwa kiunoni utepe mwekundu.

Wote watatu wakamtazama chura. Chura akawatazama.

"Ntambwe," Wivine akasema polepole, "ile pete..."

"Mama, mi nilitia kifaranga na chura. Basi. Pete ile haiko ya mi." Katika miaka yote Wivine hakuwahi kumwona mtani wake bila hata chembe ya mzaha usoni, na sasa alimwona, na alitishika kuliko kama angemwona uchi. "Naapa kwa kaburi ya mama."

Wivine alikaa chini, kwenye majani yaliyolowa. Alikuwa amemshika ndege yule. Kile kitu kimoja tu kilichotakiwa ili meza ibaki kilikuja chenyewe, kwa mabawa yake, kutoka upande wa pili wa dunia, kikaingia mkononi mwake, naye akakitupa hewani kwa kejeli. Aliona uchungu mpaka kwenye mifupa. Aliwaona mbayuwayu wa msimu ujao wakishuka kwenye matete, na meza haipo, na yeye amerudi kukaanga maandazi Mutoshi, akitazama juu.

"Kasirika tu," Ntambwe akasema kwa sauti ndogo. "Leo nakuruhusu. Kuku ya faini nitalipa mi mwenyewe."

"Sina nguvu ya kukasirika."

Vifuko vilivyobaki vilikuwa vinatikisika kwenye kamba, na ndege hawangojei huzuni ya mtu, kwa hiyo wakainuka wakafanya kazi: pete, rula, pumzi tumboni, nenda. Wivine aliangalia kila mguu mara mbili. Hakukuwa na mwingine.

Alipomwachia wa mwisho, Farida alikuwa ameinamia simu ya Ntambwe. Alisimamisha picha, akaikuza kwa vidole viwili, akaisogeza mbele kidogo, akaisimamisha tena.

"Mama Wivine, kuya uone. Inasomeka. Kwa sababu ulimuzungusha, namba inaonekana yote. Upande huu, na upande huu."

Ilisomeka kweli. Herufi, namba, na nyuma ya ndege uso wa Wivine, mdomo wazi, kitenge kwapani.

"Tumupe hii foto tu," Ntambwe akasema, uhai ukimrudia. "Ile ingine yote tufute."

"Kisha ya kifaranga?" Farida akatikisa kichwa. "Hataamini foto. Atasema tumeipika. Atataka kuona inatoka wapi."

Na huko kando ya maji magoti yalikuwa yanarudi, moja juu, moja chini.

Walimpa picha iliyosimama. François alivaa miwani, akaitazama, akaisogeza karibu na macho. Alizijua herufi zile.

"Huyu ndege iko wapi?"

"Ameruka," Wivine akasema.

"Ameruka namna gani? Mulimuacha bila kuniita? Pete ya inje, na hamukuniita?" Akavua miwani. "Hii imetoka kwa video. Onyesha video yote."

Ntambwe alikuwa anamwangalia Wivine, na macho yake yalisema wazi kwamba simu inaweza kuanguka ziwani sasa hivi, kwa bahati mbaya kabisa, ukitaka. Wivine aliona jinsi ingekuwa rahisi. Wangeapa wote watatu, na François angeondoka bila kujua wanavyomwona, na nyavu zingeondoka naye. Au angeona, na nyavu zingeondoka hata hivyo, ila ndege angekuwa ameandikwa. Aliogopa, tena sana. Lakini yule kiumbe mdogo alikuwa ameruka nchi zote zile na pete yake mguuni ili mtu aisome. Alichukua simu kutoka mkononi mwa Ntambwe, akairudisha video mwanzo, akamkabidhi François kwa mikono miwili.

"Tata François, unisamehe mbele ya kutazama. Nyuma, kusamehe itakushinda."

François alitazama. Sauti yake mwenyewe, iliyotoka kooni kwa Wivine, ikajaa pale mezani. Notez. Matope, moya. Wivine alitazama miguu yake. Ilipofika kwenye ndege yote ya dunia, na hata moya haiyanisalimiaka, Farida alifumba macho. Video ikaendelea, pete ikazungushwa, kiganja kikafunguka, ikaisha.

François akaianza upya. Akaitazama yote mara ya pili. Kisha akaweka simu mezani, akatembea mpaka ukingoni mwa maji na kusimama huko, mgongo kwao. Alitembea vile vile kabisa kama kwenye video, lakini hakuna aliyecheka, hata Ntambwe.

Aliporudi, alizungumza na meza.

"Ni ya pwani ya kaskazini. Kule bahari yenyewe ni baridi, batu banavaa makoti mbili. Kuna mutu kule alimushika huyu ndege, akamupuliza tumbo, sawa vile weye. Nitabaandikia leo." Akatia miwani mfukoni. "Nyavu zinabakia hapa."

Wivine alifungua mdomo, lakini François aliinua kidole.

"Bado. Kuna ile ingine. Ile ya kusalimia." Akakohoa. "Mi nilisikiaka ya kama batu ya Mutama, ukibacheka, habawezi kukasirika."

"Ni vile," Ntambwe akasema kwa tahadhari.

"Bon. Babu yangu, baba ya mama, alikuwa wa Mutama."

Chura aliyekuwa bado mezani akaruka chini. Ntambwe akakaza macho. Mambo ya ukoo aliyashika kichwani, alimjua kila mtu wa Mtama mpaka waliokufa.

"Wa kijiji gani?"

"Kijiji ya..." François aliangalia ziwa. "Kando ya mutoni."

"Mutoni gani?"

"Mukubwa."

Huo ulikuwa uwongo mchanga, ambao haujajifunza hata kutambaa, na wote wanne waliujua. François alisimama pale na suruali yake kifuani, akiwa ametoa uwongo labda wa kwanza maishani mwake, akisubiri aambiwe kama umepokelewa. Wivine akaelewa kwamba alikuwa anaomba nafasi katika utani. Akamtazama Ntambwe kwa jicho ambalo hakuwahi kumtazama nalo mtu wa Mtama, jicho la kusihi.

Ntambwe akajikuna kidevu.

"Ah! Ile kijiji!" akasema. "Kando ya mutoni mukubwa. Naijua sana. Nilikulaka kule matanga."

"Voilà," François akasema, na mabega yake yakashuka.

Kisha akatazama huku na huku, kama mtu aliyekabidhiwa mamlaka na hajui aanzie wapi. Jikoni kwao, yaani mawe matatu chini ya turubai, palikuwa na chakula cha Wivine cha mchana: bukari, yaani ugali, iliyofunikwa sahani, na samaki wa ziwa aliyemkaanga mwenyewe na kumwekea nyanya. François akaenda, akafunua, akanusa. Akachukua sahani yote. Akakaa juu ya kiti cha Wivine na kuanza kula, bila kuomba, bila kunawa vizuri, akimtazama Wivine kwa wasiwasi mkubwa kila alipomega tonge.

"Ni sawa vile banafanyaka?" akauliza.

"Unasahau kutukana," Ntambwe akamwelekeza. "Kama unaiba, unatukana."

François akatafakari huku akitafuna. Paji la uso wake lilijikunja, kama vile alikuwa anatafuta jina la ndege asiyemjua.

"Mama Ndege," akasema hatimaye, "samaki yako... inakosa chumvi kidogo."

Ntambwe akajishika kichwa kwa fedheha ya ukoo wake. Farida akaziba uso na kilemba. Wivine akamkaribia mtani wake mpya, akajishika kiuno, akamjibu kama alivyostahili kujibiwa: kwamba magoti yake yangefaa kutwangia muhogo, kwamba suruali yake ina hofu ya kukanyaga chini, na kwamba mtama wa kwao lazima ulikuwa mkavu sana kama umezaa mtu wa namna hii. François alisikiliza mpaka mwisho, tonge mkononi. Halafu kitu fulani kikaanza kumtikisa kifuani, kikapanda, kikamtoka kwa sauti mbovu, yenye kutu, na chembe za bukari zikaruka mezani.

Akala samaki wote, mpaka kichwa. Wivine alishinda na njaa siku ile, na kila tumbo liliponguruma alicheka peke yake.